Niliyoyaimba Pangani

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nataka kuziba masikio, ingawa sauti ninayoikimbia ni yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini, labda na mmoja juu yake. Nilikuwa nimeolewa Chumbageni, mwembamba, mwepesi, na nilikuwa na sauti. Usicheke. Hii unayoisikia leo inakwaruza kama bawaba yenye kutu, lakini miaka ile ya hamsini nikiipandisha, wanaume barazani waliacha bao wakasikiliza.

Sogea karibu. Kesho unakwenda Mombasa kukaa kwa mama yako mdogo, na sanduku lako nimeliona limeshafungwa. Mimi sina cha kukutilia ndani ila hili.

Zamani zetu wanawake wa mwambao tulikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake. Kila mji na chama chake, na vyama vilialikana. Ukialikwa unapanda lori, unafikia kwa mwenyeji wako, unakula chake na kulala kwake, na kesho yake alasiri mnasimama uwanjani safu mbili, mmetazamana, mikono inacheza polepole, na mnarushiana maneno kwa nyimbo. Maneno makali, si mzaha. Ngoma ikiisha mnakaa sinia moja mnakula biriani kama ndugu. Mchezo ule ulikuwa na mpaka wake. Unaweza kumwimba mtu nguo zake, mapishi yake, maringo yake, hata mumewe anavyotembea. Lakini alichokwambia ndani ya nyumba yake, hicho humwimbi.

Mpaka huo alinifundisha somo yangu, Bi Mwanakombo. Somo, kama hukuambiwa na mama yako, ni yule mwanamke aliyekuweka ndani ulipovunja ungo, akakufunza usafi, adabu, kupika, kuishi na mume na kuishi na wakwe. Mimi naye tuliitana somo. Alikuwa mtu wa Tongoni, mrefu, mpole, anacheka kwa pua. Nilipoharibikiwa na mimba ya kwanza ni yeye aliyeniosha. Nilipoharibikiwa na ya pili ni yeye aliyenisindikiza kwa mganga mmoja huko milimani karibu na Amani, tukamwambia mume wangu tunakwenda msibani Muheza. Kisha akaolewa Pangani, akahama.

Basi mwaka ule chama cha Pangani, Ridhaa, kikakialika chama chetu, Nyota. Tulikodi lori la kubebea mkonge, tukatandika mikeka, tukapanda wanawake ishirini na tatu na matari yetu. Dereva alikuwa Mbondei mmoja mcheshi, kila shimo anatupa pole. Tuliimba njia nzima, tukafika Pangani Jumatano mchana tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wenzangu waligawanywa kwa wenyeji wao. Mimi sikugawanywa. Nilikwenda moja kwa moja kwa somo yangu.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko?"

Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga, nyekundu na nyeusi, inanukia udi. Nikaisifu. Akasema ni ya sikukuu ya Idi, mumewe ameituma kutoka Unguja. Majirani wawili walikuwapo na wao wakaisifu, wakamsifu na mume. Walipoondoka, tukaingia jikoni kukuna nazi. Nikawa naendelea kumtania kuhusu huyo mume anayejua kuchagua kanga. Akaacha kukuna.

"Nimeinunua mwenyewe, somo," akasema. "Nimesuka mikeka miezi mitatu. Yule bwana mwaka wa pili huu haniletei hata salamu. Nasikia ameoa huko."

Nikaiweka nazi yangu chini, naye akaendelea.

"Nyumba hii ni ya kwao. Wifi zangu wananiacha humu kwa sababu wanaamini ndugu yao ananitunza na atarudi. Siku watakayojua, nitatoka na kikapu changu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia, na usimwambie mtu."

Nikamwambia, "Somo, limekufa hapa." Nilisema hivyo, mwanangu, kwa mdomo huuhuu.

Kesho yake alasiri uwanja ulijaa. Upande wa Ridhaa walimkalisha Bi Mwanakombo kwenye kiti mbele, kwa kuwa walimfanya mama wa chama chao, na ile doti yake akaivaa. Wifi zake wawili walikaa nyuma yake wakijipepea. Tulianza vizuri. Tuliwaimba biriani yao kuwa na mchele mbichi, wakatuimba lori letu la mkonge. Watu walicheka. Kisha mwimbaji wao, Bi Tatu, mwanamke mfupi mwenye macho makubwa, akapiga hatua mbele akanitazama mimi.

*Kapanda hadi Amani, mtoto kumtafuta,*
*kashuka vilevile tu, siri mume hajapata.*

Kwa mganga yule nilikwenda na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha Ridhaa. Nikamtazama somo yangu. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anacheka.

Wanawake wa Nyota wakanong'ona, "Mjibu! Mjibu!" Ningeweza kujibu mengi. Macho ya Bi Tatu peke yake yangetosha beti kumi. Lakini nilikuwa na hasira ya mtu aliyesalitiwa, na hasira ya namna hiyo ina raha yake mbaya, inakufanya ujione una haki ya kila kitu. Nikatoka kwenye safu, nikanyoosha kidole kwenye kile kiti, nikaipandisha ile sauti yangu.

*Doti mnayoisifu, si mume aliyeleta;*
*kajinunulia yeye, mume jina kalifuta.*

Wenzangu walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Nilirudia mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ya kwanza naweza kusema nilipandwa na hasira, lakini nilipoimba ya pili nilikuwa nimeshamwona uso. Hakulia. Aliinamisha kichwa akaitazama kanga yake, akaivuta ikafunika magoti, kama mtu aliyehisi baridi. Nyuma yake wale wifi walikuwa wameacha kujipepea.

Tulishinda. Usiniulize biriani ilikuwaje.

Sikurudi kulala kwa somo. Nilijibana na wenzangu, nikanuna, nikajiona mimi ndiye niliyekosewa. Asubuhi tulipokuwa tunapanda lori, nikamwona anakuja, na kikapu mkononi. Mgeni akiondoka hapewi mgongo, hata awe amefanya nini. Alinipa mkate wa kumimina wa kula njiani, na juu yake ile doti, imefuliwa, imekunjwa.

"Chukua uvae wewe," akasema. "Mimi hapa sina tena pa kuivalia."

Nikaipokea nimeinua shingo. Sikusema hata ahsante. Lori likaondoka.

Tulipita Kigombe bila wimbo. Aliyekaa karibu yangu alikuwa Zaina, rafiki yangu wa kusukana naye nywele, na niliona machozi yanamtoka. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Mwanahawa, usinichukie. Ile habari ya mganga uliyonipa siku ile nakusuka, nilimwambia dada yangu aliyeolewa Pangani. Nilimwambia yeye tu. Sikujua kwamba ni shoga wa Bi Tatu."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimwambia Zaina. Siri yangu niliitoa mwenyewe, nimekaa kwenye mkeka, kichwa mapajani mwa mtu, kwa kuwa tulikuwa tunapiga soga na soga inataka kitu kitamu. Na kwa hiyo siri niliyoitoa mimi, nikamwadhibu aliyeitunza.

Niligonga bodi ya lori, nikapiga kelele dereva asimame. Akasimama. Wenzangu wakasema, "Kaa chini, jua kali, utakwenda siku nyingine." Ningeweza kushuka, mwanangu. Haikuwa mbali kiasi hicho, na miguu nilikuwa nayo. Niliona aibu ya kurudi Pangani kwa miguu mbele ya wale niliowashinda. Nikakaa chini, na lori likaendelea.

Hiyo siku nyingine ilikuja baada ya wiki tatu. Nilikuta nyumbani kwa Bi Mwanakombo anakaa mtu mwingine. Wifi zake walimtoa kabla hata mwezi haujaandama. Nikarudi nyuma mpaka Tongoni, kwa kaka yake, nikamkuta somo yangu uani anasuka ukili wa mkeka. Nilipiga magoti, nikalia, nikaeleza yote, ya Zaina, ya dada yake, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kama alivyokuwa akinifuta nilipokuwa mwari wake.

"Nimekusamehe tangu pale uwanjani," akasema. "Ulikuwa mtoto na uliumizwa. Mimi niliziba mdomo kwa uchungu wako, ukadhani nacheka."

Nikambusu mikono. Nikasema, "Basi tumerudi kama zamani, somo?"

Akachukua ukili wake akaendelea kusuka. "Njoo wakati wowote. Nyumba hii utakula na utalala. Lakini mambo yangu, somo, sitakwambia tena."

Nilidhani ni maneno ya hasira, yatapita. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema jambo lililokwisha kuamuliwa. Nilimtembelea miaka mingi, nikampelekea sukari, nikampelekea watoto wangu Mungu aliponijalia, akawapenda. Aliniuliza mimi habari zangu zote. Nami nikimuuliza zake, ananiambia mvua, ananiambia dagaa, ananiambia mnazi gani umeanguka. Mwaka mmoja nilikwenda kwake mara tatu, nikamuuliza, "Mzima, somo?" akajibu, "Mzima." Baada ya hapo ikaja habari kwamba amefariki. Nilipofika alikuwa ameshazikwa. Wifi yake wa Tongoni, mke wa kaka, akanishangaa: "Ameumwa mwaka mzima, dada. Wewe si ndiye somo yake? Hakukwambia?"

Mwanamke aliyenijua ndani na nje, alikufa nikiwa sijui kinachomuuma. Nilisamehewa, mwanangu. Sikuaminiwa tena. Niliishi nikidhani mtu akisamehewa amerudishiwa kila kitu, kumbe kuna kimoja hakirudi, na hata mwenye kukusamehe hana uwezo wa kukirudisha.

Fungua kasha hilo. Hiyo nyekundu na nyeusi chini kabisa. Iguse tu, sikupi. Sijapata kuivaa hata siku moja.

Sasa sikiliza. Huko Mombasa mama yako mdogo atakukalisha jikoni, na akimenya vitunguu atakwambia mambo. Watu wakikaa na mgeni wanayempenda hufunguka. Akikwambia, lifunge. Usilipeleke kwa rafiki wa kusukana naye, wala usiliandike kwenye hiyo simu yako. Ukiudhiwa, na utaudhiwa, jibu kwa yaliyo yako, usishike la mtu mwingine kulifanya fimbo. Ukikosea, shuka kwenye lori hapohapo, hata watu wakikucheka. Usingoje wiki tatu.

Mungu akufikishe salama na akurudishe salama. Akupe nyumba ya kufikia kila mji utakaokwenda. Na ukiingia mahali ukakuta wanawake wanazungumza mambo yao, wasinyamaze. Wakusogezee kigoda, waendelee.