Mama Ndani ya Dekoda

Mama alionekana kwenye televisheni mara moja tu maishani mwake, akiongoza kwaya yetu ya wakimbizi wa Kivu ya Kusini. Sisi tuliokuwa kambini Nakivale, Uganda, hatukumwona. Aliyemwona ni mteja wetu wa maharage, mke wa mwanajeshi huko Mbarara, akamrekodi kwenye flashi kwa dekoda yake. Mama alipofariki, mteja huyo alituletea ile flashi, tukaihifadhi pamoja na Biblia ya marehemu.

Siku moja kabla dada yangu mkubwa, yaya kama tusemavyo kwetu, hajahamia ng'ambo, safari isiyo na tumaini la kurudi, tukaipeleka Base Camp, penye maduka ya kambi yetu, ili fundi wa simu amnakilie video hiyo. Fundi alihangaika weee, mwishowe akatikisa kichwa.

"Yaya, hii video imefungwa. Inafunguka tu kwa dekoda yenye ilirekodi. Fasi ingine, hapana."

Hasira zilinipanda. Wenye vituo vya TV wafunge mpira wao na filamu zao, wezi wapo, sikatai. Lakini mama yangu hakuwauzia sauti yake. Aliwaimbia bure. Nani aliwaruhusu kumfungia?

Tukapanda teksi, kibasi cha abiria, hadi Mbarara kwenye dekoda hiyo, nimrekodi mama kwa simu kutoka kwenye TV. Langoni mwa kambi ya jeshi anakoishi mteja wetu, askari akasema simu zibaki kwake, ndani hakupigwi picha. Yaani tungemwona mama tusiweze kuondoka naye, na basi la dada lilikuwa la alfajiri. Mke wa mwanajeshi alipoitwa, alitusikiliza, akarudi ndani, akatoka na dekoda ndani ya beseni.

"Twende kwa duka ya maziwa, kule iko TV. Lakini haraka, umeme ya leo inasumbua."

Tulipochomeka flashi, mama akatokea kwenye kioo, kitambaa chake cha njano kichwani. Nikaelekeza simu, nikabana pumzi. Alipoanzisha wimbo tu, dada akamwitikia kwa sauti, kama alivyozoea kanisani, machozi yakimtiririka.

"Yaya, nyamaza! Unaharibu!"

Hakunyamaza. Nilitamani kumziba mdomo. Wimbo ulipokwisha nikataka turudie, umeme ukakatika. Tulingoja mpaka teksi ya mwisho, haukurudi.

Dada alisafiri na nakala hiyo, nami ninayo. Mwanajeshi amehamishwa, dekoda imekwenda naye, na flashi imebaki bubu ndani ya Biblia. Kila Jumapili nafungua simu. Mama anaanzisha, dada anaitikia. Wote wawili wameniacha, na nashukuru kwamba siku ile dada hakunitii.