Koplo Wakiuru, Mkwe wa Mlimani

Siku jeshi lilipokuja kuandikisha makuruti mjini Kitale, mwaka wa elfu mbili, Wakiuru wa Ngige alikimbia mbio zote na kuwaacha wasichana wengine nyuma. Afisa aliyeshika kitambulisho chake alilisoma jina, akamtazama, akamwuliza kwao ni wapi.

"Endebess, afande."

"Sikuulizi unakaa wapi. Nauliza kwenu."

"Nimezaliwa Endebess. Baba alikuja na lori kutoka Murang'a akiwa kijana, na nyanya yangu amezikwa Endebess. Sina kwetu kwingine."

Afisa akacheka, akamwandika namba mkononi.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwuliza swali alilijibu lote, na hakungoja kuona kama jibu limekupendeza. Mama yake, Gathoni, aliyeuza viazi sokoni, alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa akiwa ameshaamua. Jeshini walimfundisha udereva, na baada ya miaka michache wakampa ambulensi.

Katika kambi ya Eldoret alikutana na Kemboi, fundi wa redio, mwanamume mrefu, mpole, asiyetupa maneno ovyo. Huyu naye alikuwa mtoto wa mhamiaji. Baba yake alivuka mpaka pale Suam kutoka upande wa Uganda akiswaga ng'ombe wachache, akamwoa Jepkoech, msichana wa Kisabaot, wenyeji wa mlima ulio mpakani hapo, akabaki mlimani mpaka alipofariki. Wenzake walimwita Kemboi "Mganda", na Wakiuru wakamwita "Mmurang'a". Utani huo ndio uliowakalisha meza moja. Utani ulipokwisha, wao hawakuinuka.

Kemboi akampeleka kwa mama yake. Jepkoech alimpa maziwa ya kibuyu, akamtazama anavyokunywa mpaka akamaliza, kisha akamwambia mwanawe kuwa huyu atakaa. Mzee Ngige naye hakuwa na neno na kijana aliyejua adabu. Arusi ikapangwa iwe Aprili mwaka wa elfu mbili na nane.

Lakini wakati huo mlimani kulikuwa kumeshaharibika. Ugomvi wa mashamba, nani amegawiwa na nani ameachwa, ulikuwa umezaa kundi la vijana wenye bunduki, wakajificha msituni karibu na mpaka. Kimaiyo, mdogo wake Kemboi, alikuwa miongoni mwa walionyimwa shamba, na siku moja akatoka nyumbani asirudi. Halafu ukaja uchaguzi na vurugu zake. Januari, watu waliifikia nyumba ya Ngige na kuitia moto. Mzee hakuziona nyuso. Alisikia lugha tu, na lugha ilikuwa ya kina Kemboi. Yeye na Gathoni wakahamia kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Kitale, pamoja na majirani waliotoka Murang'a na Nyeri kama wao.

Wakiuru alipokwenda kuwaona, baba yake alimwambia asahau mambo ya arusi.

"Hao watu wakileta ng'ombe wa mahari nitawafunga wapi? Kwa kamba ya hema?"

"Nitangoja mpaka upate pa kuwafunga, Baba," akasema Wakiuru. Akachukua ndoo, akaenda kupiga foleni ya maji.

Machi jeshi likatumwa mlimani, na Wakiuru na Kemboi wakatumwa nalo. Kemboi alipewa kazi ya kusikiliza redio za wale waliokuwa msituni, kwa kuwa walizungumza lugha ya mama yake. Aliketi na visikizi masikioni akitafsiri sauti za vijana aliochunga nao mbuzi. Kila alichokisikia alikisema, hakuficha hata neno, na wakubwa wake walimwamini. Lakini alianza kula peke yake. Wakiuru yeye alikuwa akishuka na majeruhi, wanajeshi kwa raia, hadi hospitali moja mjini Bungoma, na kupanda tena kabla matope ya magurudumu hayajakauka.

Asubuhi moja alikuwa ameegesha kando ya kijito, akitia maji kwenye rejeta, akamwona Jepkoech akija na mzigo wa kuni. Mama huyo aliutua mzigo, akasalimu, akauliza habari za wazazi wake hemani. Kisha akasema polepole kwamba Kimaiyo yuko nyumbani. Alikuwa amepigwa risasi mguuni, wenzake wakamwacha, akajiburuta mpaka ghalani kwa mama yake. Mguu ulikuwa umeanza kunuka. Kijana aliwaogopa watu wa msituni, na aliwaogopa wanajeshi zaidi.

"Umemwambia Kemboi?" Wakiuru akauliza.

"Nilienda kwake kwanza. Alisimama hivi, akaangalia kando. Akaniambia, mama rudi nyumbani, mimi sijasikia kitu." Jepkoech akashika mlango wa ambulensi. "Wewe uko na gari, msichana wangu. Nani atauliza umebeba nani?"

Hapo ndipo Wakiuru alipopata shida kweli. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi: blanketi juu ya mgonjwa, kizuizi cha barabarani cha watu wanaomjua, na baada ya hapo Bungoma. Lakini katika gari hilo hilo alikuwa ameshabeba wenzake waliopigwa risasi, na mmoja alikata roho kabla hawajafika. Huenda aliyempiga ni Kimaiyo. Huenda pia Kimaiyo ndiye aliyewasha kiberiti kule Endebess. Akamtazama mama yule aliyesimama mbele yake na majani kwenye kitambaa cha kichwa, akaona kwamba hawezi kumficha na hawezi kumwacha.

"Nitakuja kumchukua," alisema, "lakini nitakuja wazi. Na atafika hospitali kabla ya kufika mahali pengine. Hilo nakuahidi."

Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, Meja Wanyonyi, akamweleza yote bila kupunguza, hata kwamba huyo ni shemeji yake mtarajiwa. Meja alimwuliza kama anaelewa anachokisema.

"Naelewa, afande. Ndiyo maana nakuambia kabla, sio baada. Naomba aende hospitali kwanza, na maswali aulizwe huko, daktari akiwepo."

"Sasa wewe ndiye unanipatia masharti, koplo?"

"Hapana, afande. Naomba. Nimemwahidi mamake, na siwezi kutimiza bila wewe."

Meja alizungusha kofia yake mezani. Mwishowe akampa askari wawili, akawaambia mbele yake kwamba mgonjwa asiguswe na mtu. Akaongeza kwamba mambo yakienda vibaya Wakiuru atayajibu peke yake.

Walipofika, Kimaiyo alikuwa amelala kwenye magunia, macho mekundu kwa homa. Kuona sare za jeshi akajaribu kuinuka akashindwa. Jepkoech ndiye aliyeingia nyuma ya magunia, akatoa bunduki iliyofungwa kwa leso, akaiweka miguuni pa Wakiuru.

"Umeniuza, mama," Kimaiyo akasema.

Mama alipanda ambulensi akaketi karibu na kichwa cha mwanawe, akakishika mpaka Bungoma.

Madaktari walimkata mguu chini ya goti, akapona. Jioni ya siku ile aliyompeleka, Wakiuru aliporudi kambini alimkuta Kemboi akimngoja nje. Habari alikuwa ameshazipata.

"Ungeniambia," Kemboi akasema.

"Mamako alikuambia."

Kemboi akainama. Alisema alijua kwamba akipanda kule atamficha ndugu yake au atamkamata, na hakutaka kuwa mtu wa kufanya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo akajifanya kiziwi, yeye ambaye kazi yake ni kusikiliza. Wakiuru hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba kesho gari linashuka Bungoma na kuna nafasi. Kemboi hakupanda kesho yake, wala wiki ile. Kwa muda mrefu alimkwepa Wakiuru kambini, akipita njia ya jikoni. Wakiuru hakumkimbilia. Wenzake walimwuliza kama amekwisha kuachwa, akajibu kwamba Kemboi anatafuta miguu yake, na akiipata atakuja.

Kwa baba yake alijipeleka mwenyewe kusema alichofanya. Ngige aliwaka hasira.

"Labda huyo ndiye alichoma nyumba yangu."

"Labda, Baba. Nilimwuliza, akakataa. Sijui kama ni kweli."

Mzee akamgeuzia mgongo. Baadaye Gathoni alifunga safari hadi Bungoma na chupa ya uji. Aliketi karibu na kitanda cha Kimaiyo, akamtazama sana, akamwuliza swali lile lile. Kijana akakataa tena, safari hii akilia. Gathoni akammiminia uji.

Kemboi alikuja mvua zilipoisha. Alikuwa ametoka hospitalini kumwona ndugu yake, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la Bungoma. Alimwambia Wakiuru kwamba angependa kuoa mtu asiyeangalia kando, kama mtu huyo bado anamtaka. Wakiuru akamwuliza mbona amechelewa hivyo.

Walioana mwaka uliofuata katika kanisa moja pale Kanduyi, karibu na Bungoma, kwa kuwa Endebess hakukuwa na nyumba na mlimani watu walikuwa bado wanaogopana. Jepkoech na Gathoni walipika pamoja. Ngige alikuja amechelewa, akaketi nyuma, lakini alipoitwa mbele kumtoa binti yake alitembea wima na kumshika mkono. Kimaiyo alikuwepo, kwa magongo. Alikuwa ameshtakiwa alipotoka hospitali, lakini kesi ilifutwa baada ya mashahidi kukosa kufika, na sasa alichaji simu za watu kwenye kibanda huko huko Kanduyi. Yeye na mzee Ngige walikula chini ya turubai moja, kila mmoja upande wake, na hawakusalimiana.

Wakiuru aliwaona wote wawili. Aliwapelekea soda yeye mwenyewe, kwanza baba yake, kisha shemeji yake, akarudi kuketi karibu na mume wake.