Kimeo Kilichokatwa Igamba

Moyo wangu uligoma nikiwa nimebeba mchele sokoni Tunduma. Ulirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu, nikaanguka juu ya mzigo. Wenzangu wakacheka kwanza: "Amka, mama, Wazambia wanasubiri mchele!" Walipoona midomo yangu imebadilika rangi, wakanikimbiza hospitali.

Hospitalini nilijiandaa kusemwa kwa chumvi na presha. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akanipima moyo, kisha akauliza:

"Mama, utotoni ulikuwa unaumwa koo?"

"Koo? Mimi nimekuja na moyo."

"Na magoti, yaliwahi kuvimba?"

Nikashtuka. Yalivimba, nikawa nabebwa mgongoni kwenda shamba la kahawa, wakasema jirani kaniroga. Huyu kaambiwa na nani?

Akanieleza: koo lisipotibiwa, likawa linarudi, ugonjwa unaweza kuhamia kwenye viungo, ukatafuna milango ya moyo. Milango ikiharibika, mapigo nayo yanapoteza mpangilio, damu inaganda, inaweza kupanda kichwani ukapooza.

"Hukupewa dawa?"

"Nilikatwa kimeo."

Akaweka kalamu chini.

Waliohusika nawataja. Shangazi yangu, mkata vimeo wa Igamba, na wembe wake wa kukatia kinyama cha kooni. Baba yangu, aliyempa jogoo na asante juu. Tulipita mbele ya zahanati kwenda kwake! Koo likiuma nashikwa kichwa, natema damu, wanasema nimepona. Kimeo kilishakwisha, wao bado wanatafuta cha kukata.

Nilipopata nguvu, na dawa zangu za kumeza maisha yote, nikaenda Igamba kumwambia shangazi uso kwa uso. Nikamkuta uani, kazeeka, wembe mkononi. Mbele yake binti yangu, aliyeolewa hukohuko, amempakata mjukuu wangu, kamshika kichwa, kinywa wazi.

"Koo tu, mama," binti akasema. "Bibi anamaliza sasa hivi."

"Wewe si nilikukata?" Shangazi akacheka. "Mbona uko hai?"

Moyo ukaanza kurukaruka tena. Maneno yote niliyobeba toka Tunduma nikayaacha hapohapo. Nikamnyakua mtoto, nikamweka mgongoni, nikateremka naye zahanati, napumzika kila penye jiwe. Binti yangu nyuma analia kwamba nimemwaibisha bibi. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu.

Nikamwambia muuguzi: "Mtazame koo kwanza. Mimi ngoja nikae chini."