Chokaa ya Kakiika na Nyumba ya Kuandikishia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, nikaonyeshwa bomba la maji. Hakuna aliyeniuliza najua nini. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, mwiko wa kujengea wa marehemu baba nimeufunga ndani ya kitenge. Baba alikuwa masoni, yaani mwashi, wa misheni kwetu Kivu ya Kusini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchanganyia chokaa tangu utotoni.

Idara ya ujenzi mjini Mbarara ilikuwa imepewa kazi ya kukarabati mahakama ya zamani huko Kakiika, jengo la matofali ya kuchoma na paa la vigae. Mkuu wetu tulimwita Bwana Injinia. Aliwahi kutumikia jeshi katika kambi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kikavu.

Wakati ule tulikarabati kila kitu kwa saruji. Palipopasuka tulipiga plasta, tukapaka rangi, wakubwa wakaja kupiga picha. Baada ya wiki kadhaa za kubeba maji nikapandishwa kuwa mpiga plasta. Nilijua kwamba tunakosea. Baba alinifundisha kuwa ukuta wa zamani hunywa mvua na kuitoa tena jua likiwaka. Ukiufunika kwa saruji, maji hubaki ndani na kulainisha tofali. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa mwanamke, tena mkimbizi, na kazi niliitaka. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Mvua kubwa zilipokwisha, plasta ya ukuta wa magharibi ilianguka vipande vipana kama meza, na kila kipande kilibandua uso wa tofali. Tofali lililobaki ungeweza kulichota kwa kijiko. Wakubwa wakaanza kusema jengo libomolewe.

Bwana Injinia alituita wote. "Nani anajua sababu?"

Nikainua mkono. "Ni saruji, Bwana Injinia. Hii ukuta inataka chokaa. Baba yangu alijengaka kanisa na chokaa. Siku tunakimbia, ilikuwa ingali inasimama fasi yake, pale pale."

"Na wewe ulijua tangu zamani?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Bwana Injinia aligonga ukuta kwa kidole, akasema, "Nakupa ukuta moja, mama. Moja tu. Ikianguka, mimi na wewe tunarudi nyumbani."

Tukachimba shimo. Mawe ya chokaa yaliyochomwa, ukiyatia majini, huchemka yenyewe bila moto; kazi hiyo tunaiita kuzima chokaa. Halafu unasubiri majuma mengi, mpaka iwe laini kama siagi. Wenzangu walicheka sana. Fundi gani huyu, walisema, anayekaa kuchunga shimo! Chokaa ilipoiva tulibandua saruji yote ya ukuta ule, tukabadilisha matofali yaliyooza, tukapiga plasta nyembamba, tabaka juu ya tabaka, tukaitundikia magunia mabichi ili isikauke upesi ikapasuka.

Msimu wa mvua uliofuata sikupata usingizi mzuri. Mvua ilipokatika, Bwana Injinia alikuja akapitisha kiganja ukutani, kutoka pembe hadi pembe.

"Kavu," alisema. Akageukia vibarua. "Kuanzia leo, mambo ya chokaa mnauliza mama huyu."

Hatukuokoa kila kitu. Duka la zamani lenye veranda ya mbao, katikati ya mji, lilibomolewa Jumapili moja tukiwa kanisani. Jumatatu tulikuta kifusi. Lakini mahakama, kuta zake zote sasa kwa chokaa, ilisimama, na kazi ikatupeleka hadi Nakivale kwenyewe.

Huko palikuwa na nyumba ndogo ambamo wakimbizi wa zamani waliandikishwa walipowasili. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alitaka kujenga vibanda vya soko mahali pale. "Hii nyumba haina mwenyewe," aliuambia mkutano.

Mama mmoja Mrundi, muuza maharagwe, akasimama. "Mwenyekiti, mimi niliingia pale niko mtu wa njiani tu. Nilitoka na karatasi, jina langu liko juu yake. Ukiivunja, wajukuu nitawaonyesha nini?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, wewe unasema nini? Itasimama kweli?"

"Veranda ya nyuma hapana, mzee, imekufa. Vyumba viwili vya mbele vitasimama. Vibanda vinaweza kupanda kule juu, fasi iko mingi."

Walibishana hadi jua likageuka, mwishowe wakakubali. Halmashauri ikaiingiza nyumba katika orodha ya majengo yasiyoguswa bila kibali, na wazee wa Kirundi na wa Kikongo walikuja wenyewe kutusaidia kusomba mchanga.

Magoti yaliponishinda kupanda jukwaa, nilistaafu, nikarudi kuishi Nakivale. Vijana mnaoingia kazi hii, wekeni mkono ukutani kabla ya kuchanganya chochote. Na ukijua jambo, liseme mapema, hata kama unaona aibu.

Nyumba ya baba yangu kule Kivu sijui kama ingali inasimama. Nimeuliza wanaotoka huko, kila mmoja ana jibu lake, nami nimeacha kuuliza. Siku hizi nyumba ya kuandikishia ni chumba cha kusomea. Nikienda sokoni asubuhi husikia watoto ndani yake wakisoma kwa sauti, Kiswahili, Kinyankore, Kifaransa, wakipishana. Husimama kidogo dirishani, kisha mwalimu huniona, nao watoto wote huinuka kunisalimu.