Tuta Langu Kando ya Mfereji

Asubuhi shuleni kwetu ilikuwa ya hesabu, Katekisimu na kusoma kwa sauti. Alasiri ilikuwa ya kile ambacho Padre alikiita malezi. Kengele ya pili ilipogongwa, wavulana walikwenda kwenye mpira au kwenye bendi ya ngoma na filimbi, na wasichana tuligawanywa kati ya kwaya, kushona na bustani. Wageni waliopanda kutoka Arusha mjini walizisifu sana alasiri zetu. Sikumbuki mgeni hata mmoja aliyekuja kutazama asubuhi. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi sasa, nami nasadiki kwamba tabia ya shule huonekana baada ya masomo kwisha, wakati inapodhani kuwa haifundishi. Niliyofundishwa katika bustani ile sijayasahau, wala sijayasamehe.

Tulikuwa watu wa Kilimanjaro tuliohamia kwenye miteremko ya Meru kwa ajili ya kazi ya baba. Alikuwa seremala. Aliwahi kutengeneza viti vya kanisa la misheni, na kwa hisani hiyo tukapewa nyumba kwenye ardhi ya misheni; baadaye alipata kazi kwenye karakana ya mjini, akawa analala hukohuko na kurudi kwetu Jumamosi jioni. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na wadogo zangu wawili, wasichana. Mtoto wa kiume hatukuwa naye. Wanawake wa jirani walipomsalimu mama, walimsalimu kwa sauti ya kutoa pole.

Nilikuwa darasa la nne, na kwa msichana wa wakati ule darasa la nne lilikuwa mwisho wa barabara. Mbele yake kulikuwa na shule ya kati ya bweni ya masista, upande wa pili wa mlima, na shule yetu ilipewa humo nafasi moja tu ya msichana kila mwaka. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyotaka kitu chochote kabla yake, na pengine kuliko chochote baada yake. Katika mitihani nilikuwa wa kwanza. Nilidhani hilo lilitosha.

Mwezi wa Agosti, Sista aliyesimamia alasiri za wasichana, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula, alitupanga kwenye bustani.

"Mwaka huu," alisema, "nafasi ya bweni haitatoka kwa mtihani peke yake. Mtihani unaonyesha kichwa. Bustani inaonyesha roho. Kila mmoja atapata tuta lake na miche yake ya kabichi, na atalihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Atakayesaidiwa na mtu, hata na mama yake, ameondoka mashindanoni. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Sista."

Msichana aliyesimama karibu nami alininong'oneza, "Na nikianguka, nisiinuliwe?" Nilicheka mimi, si yeye, na Sista akanitazama mimi.

Sharti lile nililipenda. Lilikuwa na haki ndani yake, au angalau lilivaa nguo za haki. Lakini lilikuwa na tundu ambalo Sista hakuliona, na tundu hilo lilikuwa mfereji.

Maji ya bustani yalitoka kwenye mfereji uliochimbwa na mababu wa wenyeji muda mrefu kabla misheni haijajengwa. Wazee wa mfereji waliigawia shule zamu mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Mahali maji yalipochepushwa kuja kwetu paliitwa mlango, ingawa palikuwa ni mawe, udongo na vipande vya migomba vilivyozuia maji. Kufungua ni kuviondoa. Kufunga ni kuvirudisha. Mtoto mdogo angeweza. Lakini ilikuwa mwiko kwa mwanamke wa umri wowote kuugusa mlango ule. Akiugusa, walisema, maji yatarudi mlimani. Mwiko huohuo tulikuwa nao kwetu Kilimanjaro, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Sista hakuujua, wala hakuuliza. Aliwaona wavulana wakifungua maji siku za zamu, akadhani huo ulikuwa mgawanyo wa kazi kama mwingine wowote.

Mambo yalikwenda hivyo hadi mwishoni mwa Septemba, ilipokuja habari kwamba Askofu angetutembelea. Padre aliitaka bendi kubwa. Hata wavulana wa mpira, waliokuwa wakitufungulia maji, wakapewa filimbi, na kuanzia siku hiyo zamu zetu zilipita bila mtu wa kufungua maji, huku juu yetu uwanjani wimbo uleule ukirudiwa na kukosewa mahali palepale. Kiangazi kilikuwa kikali. Vumbi lilitua juu ya kabichi, na majani yake yakalegea kama masikio ya mbwa.

Tulimweleza Sista. Alisema, "Mto upo." Mto ulikuwapo, chini kabisa ya korongo. Tulishuka na madebe na vibuyu, tukapanda tumelowa hadi kiunoni, na maji tuliyofika nayo yalilowesha nusu ya tuta. Wengi walikata tamaa. Mimi niliendelea, na kila nilipofika juu nililiona tuta la mwenzetu mmoja, binti wa katekista, likiwa la kijani, udongo wake mweusi kwa unyevu, bila debe wala kibuyu karibu. Kila siku ya zamu kaka yake alitoroka bendi kidogo, akamfungulia maji, akafunga tuta lake lilipokwisha kunywa.

Nilikwenda kwa Sista. Sikuona kuwa ni umbea. Sharti lilikuwa la kwake.

"Sista, mwenzetu anasaidiwa."

"Na nani?"

"Na kaka yake."

"Kaka yake amelima?"

"Hapana, Sista. Amefungua maji."

"Kufungua maji si kulima. Tuta lenyewe hakuligusa."

Nilirudi na maneno hayo nyumbani, nikayageuza huku na huku. Kama kufungua maji ni msaada, basi ni lazima nifungue kwa mikono yangu mwenyewe, kama tulivyoagizwa. Kama si msaada, si kazi, si kitu, basi hakuna ubaya nikifungua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo nimesoma vitabu vya watu wenye akili nyingi, na bado sijaona kasoro katika hoja ile.

Mama aliisoma hoja usoni mwangu kabla sijaisema.

"Mwanangu, mlango ule usiuguse."

"Nimwombe nani basi, mama?"

"Baba yako atakuja Jumamosi."

"Jumamosi si zamu yetu."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Baada ya muda alisema, "Ungekuwa na kaka," kisha akarudi kwenye maharage yake, kwa sababu aliyekuwa akimlaumu ni yeye mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, zamu ikiwa yetu, nilipanda hadi mlangoni. Niliondoa vipande vya migomba kimoja kimoja. Maji yalisita kidogo, kama mtu aliyeitwa jina asilolijua, kisha yakageuka na kushuka kwetu. Sikuyaelekeza kwenye tuta langu peke yake. Niliyaacha yaingie kwenye matuta yote, hata la binti wa katekista. Wenzangu walitupa madebe na kupiga vigelegele. Nataka ikumbukwe kwamba sikuiba tone la mtu.

Mzee wa mfereji alikuwa akikagua njia ya maji, akanikuta nimesimama pale, mikono ina tope hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. "Nani amefungua?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Wa darasa la nne."

"Sikukuuliza darasa. Nani kakutuma?"

"Sista amesema kila mtu atumie mikono yake mwenyewe."

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. "Basi hiyo mikono," alisema, "mkainywe tutakapokosa maji."

Juma lililofuata maji ya mfereji yalipungua, kama yalivyopungua kila mwaka mwezi wa Oktoba. Safari hii yalikuwa na mtu wa kulaumiwa. Wavulana wa bendi waliniita Bibi Mfereji, na mpiga ngoma mmoja alinipigia mdundo wa gwaride kila nilipokatiza uwanja. "Mpisheni Bibi, asije akawakausha!"

Wazee walikuja misheni. Mama na mimi tuliitwa kwenye baraza ya nyumba ya Padre. Sista alikuwa amesimama kwenye nguzo, nami nilifurahi kumwona, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitunga sharti na alikuwa na uwezo wa kulieleza kwa sentensi moja.

Ni lazima nieleze Padre alikuwa mtu wa namna gani. Kwenye mahubiri aliyaita matambiko ya wazee wale ushirikina, na Mkristo aliyeonekana kwenye tambiko alinyimwa Komunyo hadi atubu mbele ya watu. Siku ile aliwapa wazee viti.

Mzee wa mfereji alisema, "Mtoto hakutumwa na shetani. Ametumwa na watu wasioujua mfereji. Tupeni kondoo dume tuusafishe, yaishe."

"Kondoo mtapata," Padre alisema. "Mila za watu ni za kuheshimiwa."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Kondoo alitoka kwenye zizi la misheni, akashikwa masikio na mtumishi wa misheni, akaenda kuchinjwa kwenye tambiko.

"Basi yameisha," alisema mzee. "Kondoo anatosha."

"Kwenu anatosha. Kwangu bado." Padre alinigeukia. "Wewe binti, ulijua kuwa ni mwiko?"

"Nilijua, Padre."

"Na ukafanya."

"Sista alisema anayesaidiwa ataondolewa."

Padre alimtazama Sista. Nami nilimtazama. Hata mzee wa mfereji alimtazama. Sista alikuwa akivitazama viatu vyake vyeusi, vilivyopigwa rangi vizuri. Alisema, polepole, "Sikumwambia mtu yeyote afungue maji."

Lilikuwa jambo la kweli. Ndivyo watu wacha Mungu wanavyodanganya: huchagua ukweli mmoja, wakausimamisha mbele ya ukweli mwingine ili usionekane.

Mama alipiga magoti. Hakuwa ameambiwa. "Padre, ni mtoto. Mwadhibu, apalilie, afagie kanisa, lakini nafasi yake msimwondolee. Baba yake amewachongea viti."

"Mama, inuka. Msichana mwenye kiburi tukimpeleka bweni, tutapeleka aibu yetu. Ameondoka mashindanoni." Kisha akaongeza, kwa upole ambao ulinikasirisha kuliko ukali, "Unyenyekevu nao ni malezi."

Mzee wa mfereji alisimama. Alipopita karibu na mama alisema kwa lugha yake, ambayo mama aliielewa kidogo, kwamba hilo hakuliomba yeye. Nilimchukia mzee yule kwa miaka mingi, na ningali nauona mwiko wake kuwa dhuluma. Lakini haki inanilazimu niandike kwamba bei yake aliitaja waziwazi, na alipolipwa hakuongeza kitu. Pande mbili zile hazikukubaliana juu ya Mungu, wala juu ya ndoa, wala juu ya pombe ya ndizi. Zilikubaliana kwamba msichana asiguse mlango.

Askofu alikuja. Bendi ilipiga wimbo wake, ikakosea palepale. Binti wa katekista alipewa rozari na nafasi ya bweni, na Padre aliwaeleza wageni jinsi mtoto huyu alivyolitunza tuta lake katikati ya kiangazi kwa mikono yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Kabichi za tuta langu, ambazo sikuacha kuzibebea maji ya mto, zilikuwa kubwa kuliko zake, kwa hiyo ndizo zilizopikwa kwa chakula cha Askofu. Jioni Sista alinikuta nikiosha sufuria na wenzangu.

"Kabichi zako zilikuwa nzuri sana," alisema.

Nilimjibu, "Asante, Sista," kama tulivyofundishwa.

Mwanafunzi asiyechaguliwa hakufukuzwa. Misheni haikuwa katili kwa namna hiyo. Mwezi wa Januari niliwekwa kwenye darasa la masista la kushona na bustani, ambalo halikuwa na hesabu wala kusoma. Yaani asubuhi zangu zilichukuliwa, nikaachiwa alasiri, na siku nzima ikawa alasiri. Nilichojua baadaye nilikipata kwa vitabu vya kuazima na masomo ya posta, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na cheti cha ualimu nilikipokea katika umri ambao wenzangu walikuwa tayari walimu wakuu. Watu huniambia kuwa kikwazo kile kilinijenga. Hakikunijenga. Kilinichelewesha, na miaka iliyokwenda hairudi kwa sababu tu mtu alijitahidi baadaye.

Siku lori la misheni lilipomchukua binti wa katekista, alinipungia mkono kutoka juu ya masanduku. Sikuwa na ugomvi naye. Hakuwahi kusema uongo, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa. Vumbi lilipotua, Sista alikuja bustanini.

"Tuta la mwenzako sasa ni lako," alisema. "Mboga za jikoni zisife. Na maji usihangaike nayo, nimepanga mtu wa kukufungulia."

Mtu mwenyewe alikuwa kaka wa yule binti. Alipanda hadi mlangoni akipiga mluzi wimbo wa bendi, akaondoa vipande vya migomba, na maji yakaja. Nilisimama na jembe langu nikiyatazama yakiingia kwenye tuta ambalo halikuwa langu, kisha yakitafuta njia ya kupita pembeni.

"Yametosha?" alinipazia sauti kutoka juu.

Udongo ulikuwa umekwisha kulowa kabisa, na mlango ungefungwa kwa neno langu tu.

"Bado," nilimjibu.