Sweta ya Nyanya Redioni

Mluzi ndio niliousikia kwanza, nikiwa bado kitandani nyuma ya pazia, katika nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, jijini. Hadi leo huusikia kila nifunguapo chupa ya asali nyeusi inayonukia moshi.

Nilichungulia. Nyanya alikuwa akipiga mluzi wa kumwita ndege anayewaongoza watu wetu, Waogiek, kwenye asali. Shangazi, aliyefika jana yake kutoka kwetu, msitu wa Mau, alikuwa amemwekea kinasa sauti mezani. Huko nyumbani walikuwa wamejianzishia redio ya lugha yetu.

Nyanya akaona taa nyekundu ya kinasa sauti, akakatiza mluzi.

“Zima.”

Nilijua sababu. Watu wa televisheni waliwahi kuja, wakamvua sweta wakamvika ngozi ya kukodi, wakatangaza kwamba sisi Waogiek tunaelekea kwisha. Tangu hapo watoto wa mtaa walinisalimu, “Niaje, mtu wa msitu?”

“Mama, hii ni redio,” Shangazi alisema. “Nani ataona sweta?”

“Mimi.”

“Basi ivae. Ukikataa kurekodiwa, tutafungua matangazo kwa nyimbo za wengine.”

Nyanya alivaa sweta yake ya kijani, akafunga vifungo hadi shingoni. Akasema kwa lugha yetu kwamba anaishi Jericho, amevaa sweta, na hajaisha. Kisha akapiga mluzi mrefu.

“Mama, mmefuga ndege?” jirani aliuliza ng’ambo ya ukuta.

“Ndege ni mimi.”

Shangazi alikumbatia kinasa sauti kama yai, akatuaga. Nyanya akamsindikiza kwa mluzi, akafunga mlango.