Aliyeniitikia Hodi Mlingotini

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, alasiri, mchana wa Mungu, na akili zangu timamu. Sikuwa na homa, wala maishani mwangu sijawahi kuwa mtu wa kuona mambo. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji. Friji likifa halina jini ndani, lina gesi iliyovuja au mota iliyoungua, na mimi dunia nzima nilikuwa naitazama hivyo hivyo. Nilikuwa, nasema.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa ambayo mke wangu Zuhura aliachiwa na babu yake. Juu ina paa la sakafu ambapo tukianika nguo, na hapo ndipo niliposimamisha mlingoti wa redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, hapana. Ni ile ya kuzungumza, ya watu wenye leseni. Unakaa chumbani kwako na kipaza sauti, unaita hewani, na mtu wa Maskati au wa Japani anakujibu bila mtandao wala vocha. Binti yetu Asha, aliyeolewa Bwejuu, akinicheka kila akija. Baba, watu wana simu siku hizi. Nami nikimjibu kwamba simu unampigia unayemjua, lakini redio unaita tu, hujui nani atakuitikia, na raha yake iko hapo hapo. Leo nikiyakumbuka maneno hayo nywele zinanisimama.

Mlingoti wenyewe niliutengeneza kwa mikono yangu. Ni mabomba ya maji ya chuma niliyoyaunganisha, ubavuni nikachomelea vipande vya nondo viwe vipandio, juu kabisa ndiyo antena, na kamba za waya zimeukaza kila upande usiyumbe. Kuusimamisha kulinitoa jasho, lakini kuutunza ndiko kunakomzeesha mtu. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Kila masika yakikaribia lazima mtu apande, akaze kilicholegea, apake grisi, abadilishe kilicholiwa na kutu.

Na kupanda pale mjini kuna adabu zake. Nyumba zimebanana, na ukiwa juu ya mlingoti unaona ua wa kila jirani. Wanawake wako vichwa wazi, huyu anafua, yule anakoga. Kwa hiyo hupandi kimya kimya. Unapiga hodi kwanza, kwa sauti, kama wafanyavyo wakwezi wa minazi, na unangoja uitikiwe. Tena ukiwa uko juu, mwanamke akitoka uani akakwambia "Subiri," unaukumbatia mlingoti, unafumba macho, na hutikisiki mpaka aseme "Tayari." Sheria hii hakuna aliyeiandika, lakini mwanamme anayeivunja mtaa wote utamjua, na mkewe ndiye atakayeona haya kutoka nje.

Kushoto kwetu alikuwa anakaa Bi Salma, mjane, mtu mwema sana. Kulia palikuwa na gofu. Nyumba hiyo ilianguka paa kabla sijaoa, na mti mkubwa umeota pale palipokuwa sebule. Upande huo sikuwahi kupiga hodi hata mara moja. Nimpigie nani?

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, nilipanda juu nikakuta waya mmoja umelegea kwa upepo wa usiku. Baharini wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Mwenye busara angesema ngoja mvua ipite. Lakini mlingoti uliolegea, upepo ukivuma, utamwangukia mtu, na mimi nilikuwa na hofu hiyo siku zote, kuwa chuma changu kitakuja kumuua mtoto wa watu. Nikafunga mkanda wangu kiunoni, nikatia spana mfukoni, nikampigia hodi Bi Salma. Akaniitikia, akaniambia nijihadhari na mvua.

Ndipo nikaona kanga. Imeanikwa juu ya ukuta wa gofu, inachuruzika maji, imefuliwa sasa hivi. Nikajisemea labda wenye nyumba wameweka mlinzi na ameingia na mkewe. Sasa mimi ningefanyaje? Mtu mwenye adabu angefanya nini? Nikageukia upande ule nikaita, hodi huko, jirani yenu napanda.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kijana, taratibu kabisa. "Panda tu."

Nikapanda. Wallahi sikuhisi chochote. Nilifika juu, nikaupitisha mkanda kuzunguka bomba, nikaanza kukaza. Upepo ulikuwa wa baridi na spana ilikuwa inateleza. Nikiwa katikati ya kazi, sauti ile ile ikasema kutoka chini, "Subiri."

Nikafumba macho, nikaukumbatia mlingoti. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya miaka yote. Nikangoja. Wanawake wengine huchukua muda, wanatafuta nguo, wanamfuta mtoto, huwezi kuwaharakisha. Nikazidi kungoja, kisha nikauliza kwa upole, dada, vipi?

"Sina nguo ya kujifunika," akasema. "Nisubiri."

Nikafikiri, na ile kanga je? Lakini huwezi kumuuliza mke wa mtu habari za nguo zake. Kisha akaniuliza, kama anayepiga soga, huo mti wangu wa chuma unazungumza na nani. Nikamwambia na watu wa mbali.

"Wa mbali unawaita kila siku. Sisi tulio hapa ubavuni mwako hujatuita hata siku moja mpaka leo."

Nikamwomba radhi, nikasema sikujua kama pana watu. Akasema wamo. Alilisema neno hilo bila hasira, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba lile gofu, nani asiyejua, halina hata chumba kimoja cha kulala mtu.

Radi ikapiga, mbali, upande wa bahari. Unajua maana yake nini radi kwa mtu aliyefungwa mkanda juu ya bomba la chuma, ndicho kitu kirefu kupita vyote mtaani? Mimi najua. Nikavunja sheria, nikafumbua macho, nikatazama gofuni. Palikuwa na kifusi, majani na ule mti. Hapakuwa na mtu. Ukutani hapakuwa na kanga, na ukuta ulikuwa mkavu.

Nikafungua mkanda, nikashusha mguu kutafuta kipandio. Sikukipata. Nikashusha mguu wa pili, nikapapasa kulia, nikapapasa kushoto, bomba tupu. Vipandio vile nilivichomelea mimi, nikifumba macho navijua kama ngazi ya kwetu, na dakika chache nyuma nilikuwa nimevikanyaga vyote. Nikarudisha miguu pale nilipokuwa. Na sauti sasa haikutoka gofuni. Ilitoka chini ya nyayo zangu, karibu kabisa, kama mtu aliyepanda nyuma yangu.

"Nshakwambia usubiri."

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikaanza kusoma aya ya Kurani ninayoisoma tangu nikiwa chuoni kwa mwalimu, nikakwama katikati, nikaanza tena, nikakwama pale pale. Radi ya pili ikaja, hii ikiwa karibu zaidi, na matone ya mvua yakaanza kunipiga usoni. Nilikuwa na hakika kwamba nitakufa pale, na Zuhura ndiye atakayekuja kunikuta.

Zuhura akapanda juu kuanua nguo. Akaniona. Akaniita nishuke upesi, nina wazimu gani na radi hii? Nami nikamjibu, anavyosimulia mwenyewe, kwa sauti ya mtoto anayetaka kulia.

"Sijaruhusiwa."

Akaniuliza na nani. Nikamwambia na dada wa gofuni, hana nguo ya kujifunika. Zuhura ni mzaliwa wa Mkokotoni, kwao ni watu wa Tumbatu, na watu hao mambo ya majini hawayabishi. Mke wangu hakuniuliza swali la pili. Alizitupa nguo zote chini, akaenda ukingoni mwa paa upande wa gofu, akavua kanga aliyojitanda mabegani.

"Hodi, dada," akasema. "Kanga hii ilikuwa yangu, sasa ni yako. Jifunike, umwache mume wangu ashuke."

Akaitupa. Mimi kwa masikio yangu nilisikia "Karibu," kisha kimya, kisha "Tayari." Zuhura anaapa hakusikia kitu isipokuwa mvua. Lakini mguu wangu ulipata kipandio palepale, na kilichofuata, na kingine, nikashuka huku nikijichubua mikono. Tulikuwa tumeshaingia mlangoni mwa ngazi pale radi ilipoupiga mlingoti. Mwanga uliingia mpaka ndani ya ngazi. Redio iliungua, taa zote za nyumba zikaungua, na Bi Salma alikuwa analia huko kwake akidhani tumekufa.

Asubuhi niliingia gofuni na majirani wawili. Tulitafuta kila pembe, tukainua mabati, tukapekua majani. Kanga ya Zuhura haikuwapo. Mmoja akasema imechukuliwa na upepo. Haya, na ijulikane hivyo.

Mlingoti niliushusha mwenyewe kipande kwa kipande, kila mara nikiwa na mtu chini wa kunitazama, na mabomba nikampa muuza vyuma chakavu. Marafiki zangu wa hewani sijui wananifikiriaje. Labda wanadhani nimekufa. Nilidhani mambo yameishia hapo, nami nilikuwa radhi kabisa yaishie hapo.

Haikupita muda, nikaenda Kikwajuni kutazama friji la mteja. Nikapiga hodi. "Karibu," ikajibu sauti ndani, ya mwanamke kijana, taratibu. Nikasukuma mlango, nikaona una kufuli kwa nje. Siku nyingine, dukani kwa rafiki yangu, hivyo hivyo: niliitikiwa, na duka halina mtu. Kila nilipopiga hodi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitika, na wenye nyumba wakiitika nyuma yake kama hawakusikia. Nikaacha kupiga hodi. Napiga simu, au nasimama nje nikakohoa. Wateja wanasema siku hizi nimekosa adabu, na mimi siwezi kuwaeleza.

Na kabla sijaacha, sauti ilikuwa imeshaanza kubadilika. Kidogo kidogo, kila mara ikizidi kuwa nzito, ikizidi kuvuta neno mwishoni, na nilikataa kukubali naisikia sauti ya nani. Nilimwambia Zuhura kitu kimoja tu, kwamba nikija nyumbani asiniitikie tena kwa mdomo. Aje mlangoni mwenyewe, nimwone uso, ndipo niingie. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia afanye tu. Akafanya nilivyomwomba, maskini, kila siku anateremka ngazi kunifungulia kama mgeni. Nilikuwa silali kwa kumfikiria. Kanga alitoa yeye, kwa ajili yangu, na kila jioni nilimtazama anavyopika, anavyofunga kilemba, nikijiuliza amepungukiwa na nini.

Mara ya mwisho tulikuwa wawili. Tulitoka sokoni Darajani pamoja, yeye nyuma yangu na kikapu cha ndizi na samaki, jua bado halijazama. Nikafika mlangoni. Mazoea ni kitu kibaya, mtu akiwa amechoka mdomo hausubiri akili. Nikasema hodi.

"Karibu, Baba Asha," ikaitika kutoka juu.

Ilikuwa sauti ya mke wangu, na ndivyo anavyoniita. Nikageuka nyuma nikamwona Zuhura amesimama na kikapu chake, midomo imefumbwa, macho yameganda kwenye dirisha la juu. Yeye ambaye siku ile ya mlingoti hakusikia kitu, hii aliisikia.

"Baba Asha," akaninong'oneza, "mbona nimo ndani?"

Hatukuingia. Kikapu tulikiacha pale pale mlangoni, tukaenda kituo cha daladala vile vile tulivyokuwa, na sasa tunakaa Bwejuu kwa Asha. Funguo ninazo mimi. Walimu wa Kurani wameshasoma dua mle ndani mara kadhaa na wanasema nyumba ni safi, turudi. Zuhura anasema hajui akirudi atamkuta nani.

Kwa hiyo wewe unayepanda kwenye minazi, kwenye minara, kwenye mapaa ya watu, hodi ipige, ndiyo adabu. Lakini kabla hujafumbua mdomo, hakikisha unamjua anayekaa kila upande. Na pale unapojua hapakai mtu, hata ukiona nguo imeanikwa, hata ukiona moshi, usimwite. Sisi tulimwita, na leo ana nyumba, ana kanga, ana sauti. Mke wangu amelala chumba cha pili hapa ninapoandika, na nimemwomba asizime taa.